Uhuru wa wanazuoni unapotelea kwenye mikataba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuchangie mjadala wa elimu ya juu. Kila bajeti inapokaribia husikika hoja mbili: kwamba wahitimu wetu hawaajiriki, na kwamba vyuo vikuu vya umma vipunguze kuitegemea Hazina na viongeze mapato ya ndani. Hoja ya tatu haiguswi, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Chuo kikiambiwa kikatafute fedha sokoni, nani anaamua mhadhiri afundishe nini, atafiti nini na achapishe nini? Uamuzi huo hufanyika kila muhula, ila hufanyika mahali ambapo mwananchi hafiki: kwenye mikataba ya utafiti na ushauri elekezi, kwenye barua za ajira za muda, na kwenye jedwali la mgawo wa fedha za idara.

Hatusemi haya kwa kuitamani zamani. Serikali ilipokuwa ikilipia kila kitu, ilishika na midomo. Novemba 1970 jarida la wanafunzi la Cheche lilipigwa marufuku Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alifukuzwa chuoni. Machi 1978 wanafunzi walioandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi walifukuzwa kwa mamia. Kwa hiyo wanazuoni waliopitisha Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, tarehe 19 Aprili 1990, walimjua vizuri mwajiri wao. Miezi saba baadaye, Novemba mwaka huohuo, wenzao kutoka sehemu mbalimbali za Afrika walipitisha Azimio la Kampala. Maazimio hayo yanadai uhuru wa kufundisha, kutafiti na kuchapisha. Yanadai usalama wa ajira. Na papo hapo yanaitaka dola igharamie elimu ya juu vya kutosha. Mambo hayo hayakuwekwa pamoja kwa bahati. Mwanazuoni asiye na hakika ya kipato cha muhula ujao hahitaji kukamatwa na polisi ili anyamaze.

Wakati wanasaini, upepo ulikuwa umeshageuka. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilitoa andiko la sera kuhusu elimu Afrika kusini mwa Sahara, likishauri familia zibebe sehemu ya gharama za vyuo. Tanzania ikaanza uchangiaji wa gharama kwa awamu tangu mwaka 1992. Bodi ya Mikopo ikaja kwa sheria ya mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kupokea wanafunzi wa kulipa wenyewe mwaka 1992, na kabla ya muongo kwisha walikuwa wengi kuliko wale wa serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mkondo wake wa kujilipia, ule uliokuja kuitwa Moduli ya Pili, mwaka 1998.

Makerere inafundisha mengi kuhusu utaratibu wenyewe ulivyofanya kazi. Ada za wanafunzi wa kulipa ziligawanywa kati ya makao makuu ya chuo na kitivo kilichowaleta. Kitivo kilichovuta walipaji kilipata fedha za kuongezea mishahara ya watu wake, na kisichovuta kikabaki na mshahara mtupu. Matokeo hayakuchelewa: vitivo vikaanza kugombania wanafunzi, kila kimoja kikibuni shahada yenye jina la kuvutia ambayo nusu ya masomo yake tayari yalikuwa yakifundishwa jirani. Hapakuwa na waziri aliyeagiza falsafa au fizikia ipungue, wala waraka. Hesabu ya mgawo ilitosha. Na posho ya motisha iliposhindwa kulipwa kwa miezi kadhaa, wahadhiri wakagoma, Rais Museveni akakifunga chuo Novemba 2016, kikafunguliwa Januari 2017.

Kenya ilipata somo la aina nyingine. Vyuo vilijenga madarasa, vikafungua matawi mijini na kuajiri kwa kutegemea Moduli ya Pili. Kisha usimamizi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ukakazwa. Mwaka 2015 waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa zaidi ya 160,000; mwaka 2016 wakashuka chini ya 90,000. Kwa idadi hiyo wote waliofuzu walipata nafasi za serikali, na walipaji wakatoweka. Matawi yalifungwa, makato ya pensheni na kodi yakarundikana bila kupelekwa kunakohusika. Mkataba wa pamoja wa wahadhiri wa 2017 hadi 2021 ulikuwa bado unagombaniwa Septemba 2025, waliposhusha chini zana hadi Novemba. Tunautaja mgomo huo kwa sababu moja. Idara isiyojua kama mwezi huu mshahara utaingia haiketi kujadili mtaala; inatafuta kazi ya pembeni.

Sasa tuingie darasani, maana huko ndiko uhuru unakopungua bila mtu kuona. Tuchukue kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 300, idadi ambayo katika sayansi za jamii, sheria na biashara haimshangazi mtu. Insha moja ya kurasa nne, ukiisoma kwa haki na kuandika maoni pembeni, inachukua dakika 15. Insha 300 ni dakika 4,500, yaani saa 75: karibu wiki mbili za kazi kwa saa 40 kwa wiki, bila kufundisha, bila kuandaa somo, bila kumwona mwanafunzi mmoja ofisini. Mhadhiri mwenye kozi tatu za ukubwa huo anahitaji saa 225 kwa zoezi moja tu, na muhula mzima una wiki zipatazo 15. Semina nazo zikiwa za watu 20, kozi moja inahitaji makundi 15, yaani saa 15 kila wiki juu ya mihadhara.

Hakuna anayeweza. Kwa hiyo insha inaondoka, linaingia swali la kuchagua A hadi D. Semina inaondoka, zinabaki nakala za silaidi. Swali la kuchagua linaweza kuuliza ubinafsishaji wa mashirika ya umma ulianza mwaka gani. Haliwezi kumpa mwanafunzi kurasa nne za kutetea kwamba ulikuwa halali au haukuwa, kisha likamwonyesha hoja yake imepinda wapi. Mhadhiri bado anaruhusiwa kufundisha mada yenye ubishi, ila ameondolewa njia ya kuifundisha. Ukiuliza uongozi, utaambiwa hakuna aliyeingilia mtaala, na watakuwa wamesema kweli.

Linalofuata ni ajira. Njia rahisi ya kuhudumia wanafunzi wengi kwa mapato yasiyotabirika ni kuajiri wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa saa, kwa barua ya muhula mmoja. Mhadhiri huyo hana pensheni, hana ofisi, haingii kwenye kikao cha idara, na mara nyingi si mwanachama wa jumuiya ya wanataaluma. Barua yake ikiisha, yeye hafukuzwi. Barua haihuishwi tu, na hapatakiwi sababu. Mpe mtu huyo mada ya umiliki wa ardhi katika wilaya ambayo mwekezaji wake ndiye anayegharamia maabara mpya ya chuo, uone atafika wapi nayo. Pengine hatatishwa na yeyote. Atajikata mwenyewe mapema, kabla hajaulizwa. Ndiyo maana Mapendekezo ya UNESCO ya Novemba 1997 kuhusu hadhi ya walimu wa elimu ya juu yaliihesabu ajira ya kudumu kuwa miongoni mwa kinga kuu za uhuru wa taaluma, pamoja na kinga dhidi ya uamuzi wa kiholela. Sisi tumezoea kuisikia ikizungumzwa kama suala la masilahi ya wafanyakazi tu.

Tunafika kwenye mikataba, na hapa tunaomba wasomaji watuvumilie kidogo.

Utafiti unaotegemea bajeti ya ndani ni mdogo mno. Nchi za Umoja wa Afrika ziliahidi mwaka 2006 huko Khartoum kutumia 1% ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Sheria ya sayansi ya Kenya ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi, ikataja 2% kwa ajili ya mfuko wa taifa wa utafiti. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyofika. Pengo linazibwa na wafadhili wa nje, mashirika, makampuni na wizara zinazonunua ushauri elekezi. Fedha hizo zina masharti, na masharti yanaweza kukatika usiku mmoja, kama ilivyoonekana Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miradi ya afya ikaagizwa kusimama katikati ya kazi.

Mkataba wa kawaida wa ushauri elekezi una sehemu tano ambazo mhadhiri anapaswa kuzisoma mara mbili. Ya kwanza ni hadidu za rejea. Humo ndimo swali la utafiti linapowekwa, na aghalabu linafika likiwa limeshaandikwa: "kubainisha faida za mradi kwa jamii", bila neno juu ya hasara. Ya pili ni umiliki. Kifungu kinasema data zote, madodoso, kumbukumbu na taarifa ni mali ya mteja. Mtafiti akisaini, hata takwimu alizokusanya mwenyewe vijijini hawezi kuzitumia darasani bila ruhusa. Ya tatu ni usiri, ambao mara nyingi hauna tarehe ya mwisho. Ya nne ni ratiba ya malipo. Mpangilio unaojulikana ni kitu kama 30% wakati wa kusaini, 40% rasimu ikifika, na 30% taarifa ya mwisho "itakapokubaliwa". Hiyo 30% ya mwisho ndiyo mkono wa mteja ndani ya taarifa, kwa sababu neno "itakapokubaliwa" halina kipimo wala siku. Mtafiti ameshawalipa wakusanyaji data na dereva kutoka kwenye mafungu ya awali. Ujira wake mwenyewe umo kwenye hilo fungu la mwisho. Mteja hahitaji kumwambia afute sura ya nne. Anaandika tu kwamba taarifa "inahitaji kuboreshwa", miezi inapita. Ya tano ni mahali pa kumalizia mgogoro: London au Geneva, ambako mhadhiri wa Morogoro hatafika kwa mshahara wake.

Kwamba kifungu kimoja kinaweza kuzuia ukweli kwa miaka, dunia imeshaona. Huko San Francisco, Betty Dong wa Chuo Kikuu cha California aligharamiwa na kampuni ya dawa kulinganisha dawa yake ya tezi ya shingo na dawa za washindani. Mkataba ulisema matokeo hayachapishwi bila ridhaa ya kampuni kwa maandishi. Utafiti ulikamilika mwaka 1990, ukaonyesha dawa zote zinafanya kazi sawasawa, jambo lililomaanisha kwamba wagonjwa wangeweza kutumia zile za bei nafuu. Makala ilikuwa imeshakubaliwa na jarida la chama cha madaktari cha Marekani, ikaondolewa Januari 1995 siku chache kabla ya kutoka, baada ya kampuni kukitumia kifungu hicho. Ilichapishwa Aprili 1997.

Toronto mambo yalikuwa mazito zaidi. Daktari Nancy Olivieri alikuwa akifanya jaribio la dawa ya kuondoa chuma kilichozidi mwilini kwa wagonjwa wa thalasemia, likigharamiwa kwa sehemu na kampuni ya Apotex. Alipoona dalili za hatari akataka kuwaeleza wagonjwa. Mei 1996 kampuni ikasimamisha majaribio na kumwonya kwamba itamchukulia hatua za kisheria akizungumza. Chuo Kikuu cha Toronto wakati huo kilikuwa kwenye mazungumzo na kampuni hiyohiyo juu ya mchango wa mamilioni ya dola. Kamati huru iliyoundwa na chama cha wahadhiri cha Kanada iliripoti mwaka 2001 kwamba uhuru wake wa taaluma ulikiukwa, na kwamba chuo na hospitali havikumlinda inavyopaswa. Hiyo ni nchi yenye mahakama imara na vyama vya wahadhiri vyenye mawakili. Tujiulize mtafiti wa maabara ya Mwanza au Eldoret angekuwa na nani nyuma yake.

Hapa kwetu tulipambana na aina nyingine ya kizuizi. Mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliifanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Yalisomwa, yakalalamikiwa na wanazuoni na wafadhili, na mwaka 2019 adhabu hizo zikaondolewa. Sheria mbaya ina faida hiyo moja: imechapwa kwenye Gazeti la Serikali na kila mtu anaweza kuinyooshea kidole. Mkataba mbaya umefungiwa kwenye kabati la mwanasheria wa chuo. Katiba nayo haisaidii sana hapa. Ile ya Uganda ya 1995 katika ibara ya 29, na ya Kenya ya 2010 katika ibara ya 33, zinautaja uhuru wa taaluma kwa jina. Ya Tanzania inaishia kwenye uhuru wa maoni katika ibara ya 18. Lakini mtafiti aliyesaini kwamba hatachapisha amejifunga kwa kalamu yake mwenyewe, na atakayemshtaki ni kampuni.

Hatupingi ushauri elekezi. Mkandarasi akileta vipande vya zege maabara vipimwe nguvu siku ya 7 na siku ya 28, anapata huduma halali, chuo kinapata fedha na wanafunzi wa uhandisi wanajifunza. Kipimo hakibembelezwi, na cheti kinatolewa hata kipande kikivunjika mapema. Tunachotaka ni kwamba utafiti wa jamii, wa afya na wa mazingira ulindwe kwa kiwango hichohicho. Hata kodi ya ardhi, kama ile ya Mlimani City iliyofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa upande huu ni fedha safi kuliko mradi wa mfadhili, kwa sababu mpangaji wa duka haulizi somo la saa nne linahusu nini. Kama chuo kinapata haki yake kutoka kwa mwekezaji, hilo ni jambo la wakaguzi.

Njia za kujikinga zinajulikana na hazina gharama kubwa. Chuo kiwe na mkataba wake wa mfano, na kila mteja aanzie hapo badala ya kuleta wake. Mteja apewe siku 30 za kutoa maoni kwenye rasimu, na zifike 60 tu pale panapohitajika kuombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi. Anaweza kutaka siri zake za kibiashara ziondolewe, kama kanuni ya kutengeneza bidhaa. Hawezi kutaka matokeo yaondolewe. Siku zikipita kimya, mtafiti yuko huru. Maoni ya mteja asiyeridhika yachapwe kama kiambatisho chenye jina lake, wala yasiingizwe ndani ya maandishi ya mtu mwingine. Fungu la mwisho la malipo lifungwe kwenye hadidu za rejea: taarifa ikishajibu maswali yaliyoorodheshwa, mteja ana siku 21 za kueleza kwa maandishi ni swali lipi halikujibiwa, akishindwa, fedha zinatoka, na wakibishana anaamua mtaalamu wa tatu aliyekubaliwa tangu mwanzo, hapahapa nchini. Data zibaki chuoni, zikishaondolewa majina ya watu, kwa ajili ya kufundishia na kuchapisha.

Kwa majaribio ya dawa kuna la ziada. Jaribio lisajiliwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, mathalani kwenye rejista ya majaribio ya Afrika iliyoko Cape Town, ili matokeo yasiyopendeza yasizikwe kimyakimya. Mkataba useme waziwazi kwamba hakuna usiri unaomzuia mtafiti kuwaambia wagonjwa na kamati ya maadili habari ya hatari, siku hiyohiyo anapoigundua. Na chuo kiahidi kwa maandishi kugharamia wakili wa mtafiti aliyeshtakiwa kwa kutangaza hatari hiyo. Bila ahadi ya mwisho, hizo nyingine ni maneno, kwa sababu kesi moja ya madai inatosha kumfilisi mhadhiri mwandamizi.

Juu ya yote kuwe na rejista ya wazi. Kila mwaka chuo kichapishe kwenye tovuti yake jina la mfadhili, kiasi, idara, muda, na kama mkataba una kifungu cha usiri na kinakwisha lini. Siri ya biashara haiguswi na orodha hiyo. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inakagua vyuo kabla ya kuhuisha ithibati; inahesabu vitabu, vyumba na shahada za walimu. Iongeze ukurasa mmoja wa kukagua mikataba na ukurasa mwingine wa uwiano wa wahadhiri wa kudumu kwa wale wa saa. Kenya na Uganda zina tume na mabaraza yenye mamlaka ya namna hiyo. Mhadhiri wa muda naye aandikiwe barua ya mwaka mzima wa masomo, apewe sababu kwa maandishi asipoendelea, na awe na kura kwenye jumuiya ya wanataaluma ya chuo chake.

Yako masomo ambayo hata mkataba mzuri kiasi gani hautayaokoa, kwa kuwa hayana mteja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 baada ya wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) kukaa miaka wakikusanya maneno kwa mshahara wa umma. Hapana aliyetangaza zabuni ya kuitaka. Leo waandishi, mahakama, shule na kampuni za simu zinaitumia, au zinatumia kamusi zilizotokana nayo. Au tutazame panya wa Morogoro. Chuo Kikuu cha Sokoine kilijenga kwa miaka mingi ujuzi wa panya wa mashambani: wanazaana lini, mvua inawaathiri vipi, wanahama kwenda wapi. Ujuzi huo ulikuwa miongoni mwa sababu za shirika la APOPO kuhamia hapo mwaka 2000, na panya buku waliofunzwa Morogoro wakaenda kunusa mabomu ya ardhini Msumbiji, kisha wengine wakafunzwa kunusa makohozi yenye kifua kikuu. Mwenye kupanga bajeti kwa kigezo cha soko angeliuliza miaka ile panya wanaingiza shilingi ngapi.

Mwelekeo wa sasa unazidi kuyabana masomo hayo. Miongozo ya mikopo imekuwa ikipanga kozi kwa vipaumbele, sayansi, afya na uhandisi mbele. Mradi mkubwa wa mageuzi ya elimu ya juu, HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umejengwa juu ya wazo la kuilinganisha mitaala na mahitaji ya soko la ajira. Tunakubali kwamba maabara zilichakaa na kwamba mitaala mingine ilikuwa ya kizee; maabara mpya ni jambo la kushukuriwa. Ila mwajiri anayekalishwa kwenye kamati ya mtaala anazungumzia nafasi alizonazo mwaka huu, wakati mwanafunzi anayeanza leo atafanya kazi hadi miaka ya 2060. Pia mwajiri ana masilahi yake: kamati ya mtaala wa madini yenye kampuni za madini pekee haitaongeza somo la historia ya vijiji vilivyohamishwa. Viti hivyo vigawanywe, vyama vya wafanyakazi na wawakilishi wa jamii navyo viwe na vyake, na neno la mwisho libaki kwa Seneti. Na Bunge litenge fungu linalojitegemea kwa isimu, historia, falsafa, hisabati tupu, akiolojia na ikolojia ya muda mrefu, lisilopimwa kwa idadi ya wadahiliwa.

Kuchapisha nako kumekuwa soko. Kupanda cheo kunataka machapisho, na majarida mengi ya kimataifa yanayosomwa bure humtoza mwandishi kati ya dola 1,000 na 3,000 kwa makala moja. Mwenye mradi wa mfadhili analipia kutoka humo, asiye nao anakwama, ama anaangukia majarida ya ulaghai yanayokubali kila kitu kwa dola 100. Kwa njia hiyo mada ya mfadhili inampandisha mtu cheo na mada huru inamchelewesha. Dawa iliyo karibu ni kuyapa nguvu majarida ya vyuo vyetu, kwa wahariri wanaolipwa na upitiaji wa kweli, na kuyahesabu kikamilifu wakati wa kupandisha vyeo.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Maonyesho ya elimu ya juu yanapofanyika Mnazi Mmoja, kila banda lina vipeperushi vya rangi na kijana wa masoko mwenye tabasamu. Muulizeni idara ya mwanao ina wahadhiri wangapi wa kudumu na wangapi wa kulipwa kwa saa. Muulizeni kozi kubwa ya mwaka wa kwanza ina wanafunzi wangapi, mwanafunzi anaandika insha ngapi kwa muhula, na semina zinakuwa za watu wangapi. Idara inayofanya kazi yake itajibu papo hapo. Takwimu hizi si siri na si ngumu kukusanya. TCU izichape kwenye kitabu chake cha mwongozo wa udahili, kwenye mstari uleule unaotaja ada na sifa za kujiunga.

Ni sisi,
Wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma,
Dar es Salaam na Morogoro